Mita Moja ya Kina: Bandari Inapopanuliwa, Nini Hasa Kinapanuliwa?

Taarifa ya upanuzi wa bandari ya makontena karibu kila mara huja na namba mbili: urefu wa gati jipya na kina kipya cha lango la kuingilia meli, yaani njia iliyochimbwa chini ya maji ambamo meli hupita hadi bandarini. Namba hizo ni za kweli, lakini zinaeleza sehemu ndogo ya kazi. Kati ya kina kilichoandikwa kwenye tangazo na kontena linalotoka getini kwenda kwa mwenye mzigo kuna fizikia, tope, kesi mahakamani, zege, malori na gharama inayorudi kila mwaka. Ili kuona mambo hayo yanavyoshikana, tuchukue mita moja tu ya kina, ile inayoongezwa, tuifuate kuanzia baharini hadi barabarani.

Tuanze na meli, maana ndiyo inayoidai mita hiyo. Meli kubwa kabisa za makontena leo zina urefu wa karibu mita 400 na upana wa mita 61. Pale meli ya namna hiyo inapokutana na uso wa maji, eneo lake ni kama mita za mraba 20,000. Kwa hiyo kila inapozama mita moja zaidi imebeba tani 20,000 na ushee za ziada. Tukilihesabu kontena la futi 20 kuwa na uzito wa tani 12, mita hiyo moja ni makontena yapata 1,700 kwa safari moja: meli ileile, mabaharia walewale, mafuta yaliyoongezeka kidogo tu, na shehena ambayo ingetosha kujaza meli nzima ya makontena ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo sababu kampuni za meli hubishana na bandari juu ya sentimita.

Mbio hizi zina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58. Nusu karne baadaye, mwaka 2006, Emma Maersk ilianza kazi ikiwa na urefu wa mita 397. Mwaka 2023 ikaja MSC Irina yenye uwezo wa makontena 24,346 kwa kipimo cha futi 20. Kila meli zilipokua, bandari zilichimba. Msukumo mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ulitoka kwenye Mfereji wa Panama: milango yake ya zamani ilipitisha meli zenye upana wa mita 32 na kina cha kuzama, yaani sehemu ya meli iliyo chini ya maji, cha mita 12 tu, lakini ile mipya iliyofunguliwa Juni 2016 inapokea meli zinazozama mita 15.2. Bandari za pwani ya mashariki ya Marekani zilijua tarehe hiyo inakuja, na moja baada ya nyingine zikaingia kwenye kuchimba.

Hapa kuna jambo ninaloliona halisemwi vya kutosha. Akiba inayopatikana kwa kubeba makontena mengi kwa mpigo humfikia kwanza mwenye meli. Gharama ya kuchimba lango, kujenga gati upya na kupanua barabara huiangukia bandari, na mara nyingi hulipwa kwa fedha za umma. Haimaanishi bandari zisichimbe. Bandari isiyopokea meli kubwa hubaki kuhudumiwa na meli ndogo zinazopokezana mizigo kutoka bandari kuu za jirani, na kila kupakia na kupakua kwa ziada huongeza bei ya kilichomo ndani ya kontena. Lakini anayelipia mita ana haki ya kujua amenunua nini.

Lango la mita 15 halipitishi meli inayozama mita 15

Chini ya mkuku, uti wa chini kabisa wa meli, lazima yabaki maji ya akiba. Katika usanifu wa awali, wahandisi wengi huanza na asilimia 10 hadi 15 ya kina cha kuzama cha meli, na huongeza pale penye mawimbi makubwa. Ukiambiwa lango lina kina cha mita 15, basi fikiria meli inayozama mita 13 na kidogo.

Akiba hiyo huliwa na vitu vinavyopimika. Kikubwa ni mwendo wa meli yenyewe. Meli inaposonga hulazimisha maji yapite kwa kasi chini na ubavuni mwake, presha ya maji hayo hushuka, na meli huketi chini zaidi kuliko ilipokuwa imesimama. Kwenye lango jembamba, meli ya makontena inayokwenda maili 10 za baharini kwa saa inaweza kuketi kwa takriban mita 1.3, kwenye maji mapana ni kama nusu ya hapo. Kuketi huko hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo mwendo ukipunguzwa kwa nusu, kuketi hubaki robo. Rubani anayeingia kwenye daraja la nahodha na kuamuru mwendo wa taratibu anaiongezea meli kina kwa neno moja.

Kuinama nako kuna hesabu yake. Meli yenye upana wa mita 61, upepo ukiiegemeza upande mmoja kwa nyuzi moja tu, ubavu wake wa chini hushuka zaidi ya nusu mita. Mtu aliye sitaha hawezi hata kuuhisi mwinamo huo. Na bandari ikiwa ndani ya mto, maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo meli iliyozama mita 15 baharini huzama karibu sentimita 35 zaidi inapofika huko. Jumlisha na mawimbi, makosa madogo ya vipimo, na tope lililotua tangu upimaji wa mwisho, utaelewa kwa nini bandari makini hazikubali kuipunguza akiba hiyo kwa sababu ya shinikizo la biashara.

Upande wa pili wa hesabu kuna zawadi ya mwezi wa angani, ambao huvuta maji yajae na kupwa. Kina kwenye ramani za baharini huhesabiwa kutoka usawa wa maji yaliyokupwa sana, kwa hiyo saa nyingi za siku lango lina maji zaidi ya yaliyoandikwa. Meli kubwa hupangiwa kuingia na maji yanayojaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, zawadi hiyo ni nono; wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, ni ndogo. Katika mto Elbe unaoelekea Hamburg, Ujerumani, mradi wa mwisho wa kuongeza kina ulilenga meli zinazozama mita 13.5 zipite wakati wowote na zinazozama mita 14.5 zipite kwa kufuata maji yanapojaa. Mita nzima hapo inatokana na ratiba.

Baadhi ya bandari za Australia zimekwenda mbali zaidi tangu miaka ya 1990: hupima mawimbi, maji na mwendo wa meli kwa wakati huohuo, kisha hukokotoa akiba inayohitajika kwa safari ile badala ya kutumia kanuni moja kwa meli zote. Kila nikisoma mpango wa kuchimba, huwa natafuta kama kuna ukurasa unaoeleza kwamba njia hii ilijaribiwa kwanza. Sentimita 30 zinazopatikana kwa vipimo bora ni nafuu kupita sentimita 30 zinazopatikana kwa dreja, meli ya kuchimba chini ya maji, na haziharibu kitu.

Kuchimba, na pa kupeleka kilichochimbwa

Kina peke yake hakitoshi. Lango la kupitisha meli moja kwa wakati huhitaji upana wa mara tatu hadi tano ya upana wa meli, na zaidi kwenye kona. Ndani ya bandari lazima pawe na sehemu ya kugeuzia meli yenye kipenyo cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wake, yaani mita 600 hadi 800 kwa meli ya mita 400. Machi 2021 dunia nzima iliona kinachotokea meli ndefu inapokosa nafasi: Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, omo, yaani sehemu ya mbele, ukiwa umezama kwenye ukingo mmoja na shetri, sehemu ya nyuma, ikiziba upande wa pili.

Chukua lango la urefu wa kilomita 10 na upana wa mita 250. Kulichimba mita moja tu ni kuondoa mita za ujazo milioni 2.5, na bado hujagusa kingo. Kingo chini ya maji hazisimami wima. Mchanga na tope hulala kwa mteremko, kwa hiyo kila unapoongeza kina unalazimika kupanua juu pia. Kwa mchanga na tope laini hutumika dreja inayoburuta bomba la kufyonza na kujaza tumbo lake. Mojawapo ya kubwa kuliko zote, Cristóbal Colón, hubeba mita za ujazo 46,000, na hata hiyo ingehitaji safari zaidi ya 50 kwa mita yetu moja. Penye mwamba huletwa dreja yenye kichwa chenye meno kinachozunguka, na mwamba ukigoma kabisa hulipuliwa. Bei hupanda haraka sana kutoka hatua moja kwenda nyingine, ndiyo maana bandari inayobania fedha za kutoboa na kupima udongo kabla ya zabuni hujikuta ikilipa madai ya mkandarasi baadaye.

Mchanga safi ni mali. Rotterdam ilitumia zaidi ya mita za ujazo milioni 200 za mchanga wa baharini kujenga Maasvlakte 2, eneo la bandari la takriban hekta 2,000 lililochukuliwa kutoka baharini kati ya mwaka 2008 na 2013. Tope la ndani ya bandari ya zamani ni habari nyingine. Limekusanya metali nzito, mafuta na mabaki ya rangi zenye bati zilizopakwa kwenye meli ili viumbe visijishike, rangi ambazo mkataba wa kimataifa ulizipiga marufuku kuanzia 2008. Ukilitibua, sumu iliyokuwa imelala hurudi majini. Mkataba wa London wa mwaka 1972 ndio msingi wa sheria za utupaji baharini, na unataka tope lipimwe kabla ya kutupwa. Lililochafuka huhitaji mahali pa kufungiwa. Rotterdam ilijenga bwawa maalumu liitwalo Slufter katika miaka ya 1980 kwa kazi hiyo tu.

Maji hujibu

Hili ndilo eneo ambalo matangazo huligusa kwa sentensi moja, nami nataka tukae hapa.

Mto au hori lililochimbwa halibaki lilivyokuwa likiwa na maji mengi zaidi tu. Kina kikiongezeka, msuguano wa chini hupungua, na wimbi la maji kujaa huingia ndani kwa urahisi na nguvu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, tofauti ya maji kupwa na kujaa pale Hamburg, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, ilikuwa karibu mita 2. Leo inazidi mita 3.5. Uchimbaji wa mara kwa mara umechangia, pamoja na kuta za kuzuia mafuriko na kupotea kwa mabonde ambayo zamani maji yalitapakaa. Tatizo baya zaidi limejificha ndani ya mwendo huo: maji yanayojaa yakiwa na kasi kuliko yanayokupwa, huingiza tope jingi kuliko linalotoka. Mto unaanza kujijaza wenyewe.

Mradi wa mwisho wa Elbe unaonyesha yote haya mahali pamoja. Maandalizi yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashirika ya mazingira yalikwenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliona mpango una kasoro zilizopaswa kurekebishwa. Kiini kimojawapo cha shauri kilikuwa mmea mmoja, Oenanthe conioides, unaomea kwenye kingo za sehemu ya mto huo inayopwa na kujaa na hauoti kwingineko duniani. Uchimbaji ulianza 2019, na kina kipya kikaruhusiwa kutumika chote Januari 2022. Kabla mwaka huo haujaisha, mamlaka za njia za maji zilitangaza kupunguza kina kinachoruhusiwa kwa hadi mita moja, kwa kuwa tope lilikuwa likijaa kuliko lilivyoondolewa. Karibu miaka 20 ya mipango, na mita ile ikazikwa katika mwaka wake wa kwanza.

Savannah, Marekani, walipambana na kitu kisichoonekana kabisa: hewa ya oksijeni ndani ya maji. Lango lenye kina zaidi huruhusu maji mazito ya chumvi kupenya chini kwenda juu ya mto, na maji ya chini yasipochanganyika na ya juu hupungukiwa oksijeni, samaki wakakosa pa kukaa. Bunge la Marekani liliidhinisha mradi kwa masharti mwaka 1999. Kuchimba kulianza 2015 na kumalizika 2022, kutoka mita 12.8 hadi mita 14.3. Karibu nusu ya fedha, katika mradi uliokaribia dola bilioni moja, ilikwenda kwenye hatua za mazingira, zikiwamo mashine zinazoingiza oksijeni mtoni. Njiani walilazimika hata kuopoa mabaki ya CSS Georgia, meli ya chuma ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyokuwa imelala kandokando ya njia.

Miami hawakubahatika hivyo. Uchimbaji wa 2013 hadi 2015 ulimwaga vumbi laini la mwamba juu ya miamba ya matumbawe iliyo karibu na lango, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba zaidi ya matumbawe nusu milioni yalikufa ndani ya nusu kilomita kutoka lango. Matumbawe hula na kupumua kupitia ngozi laini. Yakifunikwa kwa majuma hayana pa kukimbilia. Njia za kupunguza madhara zinajulikana: kusimamisha kazi maji yanapochafuka kupita kiwango kilichowekwa, kuepuka majira ya kuzaliana, kuzuia dreja isifurishe maji yenye tope. Zote hupunguza kasi ya kazi, na mkandarasi anayelipwa kwa mita za ujazo hana sababu ya kuzipenda. Kwa hiyo anayepima uchafu wa maji asiwe yeye.

Gati, kreni na daraja

Tuseme mita yetu imefika salama hadi mbele ya gati. Hapo inakutana na ukuta uliojengwa kwa kina cha zamani. Ukuta wa gati husimama kwa sababu udongo ulio mbele ya miguu yake huusukuma kinyume na udongo na mizigo iliyo nyuma. Ukichimba mbele yake unaondoa kile kinachoushikilia. Magati mengi ya zamani hayachimbiki hata nusu mita bila kupigiliwa nguzo mpya au kujengewa ukuta mwingine mbele, na kazi hiyo hufungia meli gati kwa miezi.

Juu ya gati, kreni nazo zina mwisho wa mkono. Meli kubwa ina safu 24 za makontena kwa upana. Kreni iliyonunuliwa enzi za Panama ya zamani hufikia safu 13. Kreni ndefu ni nzito, reli zake zimetanuka zaidi, na uzito huo hurudi tena kwenye ukuta uleule. New York na New Jersey waligundua kizuizi kikiwa juu badala ya chini: walichimba hadi mita 15.2, lakini meli zilizokuwa zikitarajiwa zisingepita chini ya Daraja la Bayonne. Barabara ya daraja ikainuliwa kutoka mita 46 hadi mita 65 juu ya maji, kazi iliyofungua njia mwaka 2017.

Yadi

Sasa meli imefunga gatini na inashusha makontena 5,000. Kreni tano, kila moja ikifanya miondoko 28 kwa saa, zitamaliza kwa saa 36 hivi. Kisha makontena hayo yote yako nchi kavu, katika yadi ambayo jana ilikuwa imeshajaa nusu. Meli ndogo tano zingeyaleta kidogo kidogo kwa juma zima. Meli moja kubwa inayamwaga kwa siku moja na nusu, na geti, malori na reli lazima vimeze wimbi hilo.

Hesabu ya yadi ni rahisi na ningependa kila anayejadili upanuzi aifanye. Yadi inayoweza kushika makontena 7,000 kwa wakati mmoja bila kuzibana, kila kontena likikaa siku 7, hupitisha makontena 1,000 kwa siku, yaani 365,000 kwa mwaka. Siku za kukaa zikishuka hadi 4, yadi ileile hupitisha 1,750 kwa siku, karibu 639,000 kwa mwaka. Hakuna zege lililomwagwa. Kilichobadilika ni nyaraka kushughulikiwa kabla meli haijafika, ukaguzi kuelekezwa kwenye mizigo yenye mashaka, treni kuondoka kwa ratiba, na tozo ya kuhifadhi kupanda kiasi cha kumfanya mwenye mzigo asiigeuze yadi kuwa ghala lake.

Na kuna wakati kila kitu hujengwa sawasawa, meli zisije. Wilhelmshaven, Ujerumani, ilifungua bandari ya makontena yenye maji ya mita 18 mwaka 2012, kwa uwezo wa makontena milioni 2.7 kwa mwaka. Katika mwaka wake wa kwanza kamili ilihudumia chini ya 100,000. Kina kilikuwapo, kampuni za meli zilikuwa tayari zimefunga mikataba na magati mengine, na biashara ya dunia ilikuwa haijapona msukosuko wa 2008. Ilichukua miaka kabla mizigo haijaanza kuongezeka.

Hatari hii ndiyo inayofanya suala la nani analipa kuwa gumu. Katika bandari nyingi mamlaka ya umma humiliki ardhi na kuchimba lango, huku kampuni binafsi ikikodi gati na kununua kreni. Lango ni la wote, kwa hiyo hakuna mwendeshaji mmoja anayetaka kulibeba. Pesa za kuchimba mara ya kwanza hupatikana, kwa mkopo au bajeti, kwa sababu zinakuja na uzinduzi. Pesa za kuondoa tope mwaka wa tatu na wa kumi hushindana na hospitali na barabara. Mikataba iliyoandikwa vizuri huahidi kina kinachodumishwa, hutaja kinapimwa mara ngapi na kwa kifaa gani, nani hutangaza matokeo kwa manahodha, na mwendeshaji anapunguziwa kodi kiasi gani kwa kila nusu mita inayopungua. Kifungu hicho kikikosekana, mwendeshaji amenunua kreni za meli kubwa huku lango likirudi lilikotoka pole pole, na ubishi wa nani aite dreja unaanza siku ambayo nahodha anaagizwa ashushe mzigo bandari ya jirani.